Betri Iliyokufa Ni ya Nani?

Dereva hujua kwa sikio kabla ya jicho. Gari lililolala salama, alfajiri likipigwa stata linakohoa mara moja, taa za dashibodi zinafifia, kisha chini ya boneti inabaki "tik, tik, tik" tu. Jirani anaombwa asogeze gari lake, waya za kubusti zinatafutwa, siku inaanza kwa kuchelewa. Jioni, gerejini, fundi anapima, anatikisa kichwa na kutamka: "Hii imekufa, mzee. Tafuta nyingine." Haipiti nusu saa betri mpya imekaa mahali pake, injini inanguruma, na mwenye gari anaondoka na wepesi wa mtu aliyetoka kuugua.

Ya zamani imebaki sakafuni, kando ya ukuta. Ni ya nani sasa? Mwenye gari ameiacha. Fundi hana haja nayo, ila kesho atapita kijana wa skrapa na mizani yake ya kuning'iniza, ataipima kwa kilo, atatoa noti kadhaa na kuibeba. Yeye naye ataiuza kwa mwingine. Ikishapita mikono mitatu au minne, hakuna tena anayejua ilitoka gari lipi. Swali la nani mwenye betri mbovu linaonekana dogo, hata la kipuuzi, lakini ndani yake limo jambo ambalo marabi, mafaqihi na wanafalsafa wamelihangaikia kwa karne nyingi: mtu akikiacha kitu chake, je, wajibu wake juu ya kitu hicho unakoma pale pale alipokiacha?

Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kina sheria fupi kuhusu mtu aliyechimba shimo akaliacha wazi. Ng'ombe au punda wa mwenzake akitumbukia humo, aliyechimba atalipa. Sheria haimwulizi kama alikusudia, wala kama alikuwepo. Inatazama jambo moja tu, kwamba hatari iliyopo imetoka mkononi mwa nani. Marabi, wanazuoni wa Kiyahudi, walipopanga elimu ya madhara katika sehemu ya Talmudi, kitabu chao cha sheria, iitwayo Bava Kamma, walilihesabu shimo miongoni mwa vyanzo vinne vikuu vya madhara, pamoja na ng'ombe na moto. Mafaqihi wa Kiislamu nao waliandika kwa kirefu juu ya mchimba kisima. Akichimba ndani ya kiwanja chake, hadaiwi dhamana. Akichimba katika njia ya watu bila idhini, akaanguka mpita njia, dhamana ni yake.

Talmudi inakwenda hatua moja zaidi, na hatua hiyo ndiyo inayogusa ukuta wa gereji. Inakiri kwamba shimo lililo katika njia ya umma si mali ya aliyelichimba. Njia ni ya watu wote. Hawezi kuliuza shimo hilo wala kulirithisha. Hata hivyo, Torati imemhesabu kana kwamba ni lake. Umiliki umekwisha, dhamana imebaki. Watu wengi leo huamini kinyume chake, kwamba mali ikitoka mkononi na wajibu umetoka nayo. Sheria hiyo ya kale ilishalikataa wazo hilo.

Humo humo katika Bava Kamma kuna kisa cha mtu aliyekuwa akiokota mawe shambani mwake na kuyatupa barabarani. Mcha Mungu mmoja alipita, akamuuliza kwa nini anayatoa mawe mahali pasipo pake na kuyatupa mahali palipo pake. Yule mtu alimcheka, kwani aliona maneno yamepinduliwa. Siku zikapita, akalazimika kuliuza shamba. Akitembea katika barabara ile alijikwaa katika mawe yale yale, ndipo akaelewa. Shamba lilikuwa lake kwa muda tu. Barabara ilikuwa yake siku zote, kwa sababu ni ya kila mtu.

Mawe ya siku hizi ni mazito zaidi. Betri ya volti 12 iliyo chini ya boneti haijabadilika sana katika asili yake tangu Mfaransa Gaston Planté alipobuni betri ya risasi na tindikali mwaka 1859. Ndani yake mna seli sita, kila moja ikitoa volti 2 na kidogo, na katika kila seli mna bamba za risasi zilizozama kwenye tindikali ya salfa. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi. Zaidi ya robo tatu ya risasi yote inayotumika duniani huishia katika betri. Kiswahili kimeyaita madini haya kwa jina lile lile la kitu kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, kwa kuwa zile za bunduki zilifinyangwa kwa madini hayo. Ya bunduki humfikia mtu kwa kishindo. Ya betri humfikia kwa vumbi, kwa maji ya kisima, kwa vidole vya mtoto anayecheza chini.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kile kile alichokimeza. Risasi hukaa katika mifupa na meno kwa miaka mingi, na mwanamke akishika mimba mifupa yake huiachia tena katika damu, ikamfikia aliye tumboni. Sheria ya shimo ilimfikiria punda aliyeanguka leo. Haikuwa imemwona mtoto ambaye hajazaliwa.

Yaliyotokea Thiaroye-sur-Mer, nje kidogo ya Dakar, Senegal, yanapasa kujulikana na kila anayeendesha gari. Huko betri kuukuu zilivunjwa kwa miaka, na udongo ukajaa risasi. Bei ya risasi ilipopanda, wakazi wakaanza kuuchekecha mchanga ili kuokota chembe za kuuza. Wengine waliupeleka mchanga huo majumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Hakuna hata dereva mmoja aliyekusudia vifo hivyo. Kila mmoja alikuwa amebadilisha betri tu.

Karibu na nyumbani kuna Owino Uhuru, kitongoji cha Mombasa chenye watu wapatao 3,000, kilichopakana ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu. Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani humo mwaka 2009. Mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu yake. Aliacha kazi, akawakusanya majirani, akaandamana, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na ikazihesabu taasisi za serikali miongoni mwa waliokosa. Mahakama ya Rufaa ikaipangua hukumu mwaka 2023, kisha Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo. Kwa maneno ya wazee wa Bava Kamma, mahakama ilikuwa inatafuta nani aliyechimba shimo, na nani aliyepita akaliona halijafunikwa.

Kesi hiyo haikumtaja mwenye gari, na kisheria haikupasa kumtaja. Lakini risasi iliyoyeyushwa pale haikuchimbwa mlimani. Ilitoka chini ya boneti za watu.

Hapo ndipo wengi hujitetea kwa hesabu. Betri moja ni nini kati ya maelfu? Ikitolewa hiyo moja, tanuri litawaka vile vile na udongo utachafuka vile vile. Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit aliichambua hoja ya aina hii katika kitabu chake Reasons and Persons, kilichotoka mwaka 1984. Alibuni mfano wa watesaji elfu moja na wafungwa elfu moja. Kila mtesaji anabonyeza kitufe kimoja, na kitufe hicho kinaongeza maumivu ya kila mfungwa kwa kiasi kidogo sana, kisichohisika kabisa. Vitufe elfu vikishabonyezwa, wafungwa wote wako katika mateso makali. Kila mtesaji anaweza kuapa kwamba yeye hakumuumiza mtu, na kila mmoja anakosea. Kosa la hesabu, kwa Parfit, ni kulipima tendo peke yake wakati tendo hilo ni sehemu ya yale wanayoyatenda wengi kwa pamoja.

Waislamu husema mali ni amana. Wakristo hulitumia neno uwakili. Ni maneno mazuri, na husikika sana katika hotuba na mahubiri yanapotajwa fedha, ndoa na watoto. Yanastahili kufika gerejini pia, kwa sababu amana haipimwi kwa utukufu wa kitu kilichowekwa. Na amana huanza kwa utunzaji, muda mrefu kabla ya kifo cha betri. Betri inayodumu miaka minne badala ya miwili imepunguza kwa nusu safari za risasi kwenda kwenye tanuri.

Kuitunza si kazi ngumu, ila inataka macho. Kipimo cha umeme cha bei ndogo kinatosha. Gari likiwa limelala usiku kucha bila kuwashwa, betri yenye afya husoma volti 12.6 au zaidi. Ikisoma 12.4 imebaki na robo tatu, 12.2 ni nusu, na chini ya 12 ni karibu na kaburi. Injini ikiwashwa, kipimo kinapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5 hivi; kisipopanda, mgonjwa ni alteneta au mkanda wake, na betri inasingiziwa. Katika magari mapya alteneta huongozwa na kompyuta, hivyo namba hiyo inaweza kupanda na kushuka kidogo. Fundi anayesema "imekufa" bila kupima anahukumu bila shahidi. Mara nyingine tatizo zima ni ule unga mweupe au wa kijani uliofunga vichwa vya betri, unaotoka kwa brashi na maji ya uvuguvugu yenye magadi.

Adui wawili wanajulikana. Wa kwanza ni joto. Wanakemia wana kanuni ya jumla kwamba joto likizidi kwa nyuzi 10 mmenyuko hukaribia kwenda kasi maradufu, ndiyo maana betri ya Mombasa au Dar es Salaam huchakaa upesi kuliko ya Arusha au Limuru. Wa pili ni kuachwa na njaa. Betri iliyokaa bila chaji hujenga chumvi ya salfeti juu ya bamba, na chumvi hiyo ikikaa sana hugeuka fuwele ngumu zisizoyeyuka tena. Gari la kisasa, hata likizimwa, halilali kabisa: alamu, kufuli za rimoti na kompyuta huendelea kunywa kidogo kidogo. Miliampea 50 huhesabiwa kuwa kawaida. Lakini miliampea 50 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2, na betri ya ampea-saa 60 itakuwa imefika nusu kwa siku 25. Anayekwenda Hija, au anayekwenda kijijini kwa mwezi mzima, akiliacha gari uani bila mtu wa kulitoa mara moja kwa wiki, atarudi na kukuta salfeti imeshaanza kazi yake.

Magari ya leo yameongeza jambo lingine, na hili lina uzuri wa aina yake. Katika magari mengi ya BMW na Audi ya miaka ya karibuni, kwenye kichwa cha hasi cha betri kumefungwa kitambuzi kidogo kinachopima mkondo, volti na joto. Kompyuta ya gari huweka kumbukumbu ya betri hiyo, jinsi inavyozeeka, na hubadilisha namna ya kuichaji kadiri miaka inavyokwenda. Betri mpya ikiwekwa, fundi hana budi kuunganisha mashine yake na kuliarifu gari kwamba ile ya kwanza imeondoka. Asipofanya hivyo, gari litaichaji mpya kana kwamba ni kikongwe, na maisha yake yatafupika. Vivyo hivyo kwa magari yanayojizima kwenye foleni. Mazda nyingi kutoka Japani zenye mfumo huo zinataka betri iliyoandikwa Q-85. Ikiwekwa ya kawaida inayotoshea pale pale kwa kuwa bei yake ni nafuu, haitadumu, na mwenye gari atakuwa amelipia mabaki mawili badala ya moja.

Gari, basi, linaikumbuka betri yake ya zamani mpaka liambiwe. Binadamu anaisahau kabla hajalipa.

Hata namna ya kuitoa ina adabu yake. Fundi mzuri huanza na hasi, kwa spana namba 10, kisha chanya. Wakati wa kufunga hugeuza, chanya kwanza. Sababu ni kwamba bodi nzima ya gari imeunganishwa na hasi. Akianza na chanya, spana ikateleza na kugusa chuma cha bodi, cheche inaruka, na betri iliyotoka kuchajiwa inaweza kuwa imezungukwa na gesi ya haidrojeni inayolipuka. Kisha huinyanyua kwa mikono miwili, akiishika wima kama anayebeba sufuria ya uji wa moto, na kuiweka juu ya ubao.

Mpaka hapo kila kitu ni ustadi. Linalofuata ndilo linaloamua kila kitu. Wanunuzi wengi wasio rasmi huimwaga tindikali hapo hapo, mferejini au kwenye udongo, ili mzigo uwe mwepesi na kwa kuwa wanacholipwa ni risasi. Tindikali hiyo imebeba risasi ndani yake. Inachukua muda mfupi, povu linapanda juu ya mchanga, majani ya karibu yananyauka kesho yake, na mvua inamalizia.

Ni rahisi kumlaumu kijana wa skrapa, na si haki. Anashinda juani na mkokoteni, analisha nyumba kwa vitu vilivyotupwa na wengine, na risasi inaanza kumwingia yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Wajibu hufuata uwezo wa kuchagua. Aliyeweza kununua betri mpya aliweza pia kuuliza ya zamani inakwenda wapi. Muuzaji aliweza kuipokea. Mwagizaji aliyeleta kontena zima bandarini aliweza zaidi kuliko wote, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya Kenya ya mwaka 2022 imeweka msingi wa kumbebesha mzalishaji na mwagizaji wajibu wa bidhaa mpaka mwisho wa maisha yake. Katika majimbo mengi ya Marekani mnunuzi hutozwa amana ya fedha anayorudishiwa akileta betri kuukuu, na risasi karibu yote hurudi kiwandani kutengeneza betri nyingine. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: kuanzia Februari 2027 betri za magari ya umeme zitatakiwa kuwa na pasipoti ya kielektroniki inayoeleza zimetengenezwa na nani na kwa vitu gani. Sheria ya shimo imerudi, safari hii ikiwa na namba ya utambulisho.

Risasi yenyewe haina hatia. Ikiyeyushwa katika kiwanda chenye vichujio, mbali na makazi, hurudi kuwa betri tena na tena bila kuchoka. Kinachoua ni njia ya mkato kati ya gereji na tanuri, na njia hiyo huanzia pale ukutani, wakati mwenye gari anapokabidhiwa ufunguo wake na kugeuka kuondoka.

Anayebadilisha betri mwezi huu, basi, asiondoke haraka. Amtafute muuzaji anayepunguza bei ya mpya kwa kuichukua ya zamani, wapo mijini, na amuulize bila haya inapelekwa wapi. Akijibiwa kwa kubabaika, aichukue aende kwa mwingine. Na popote atakapoikabidhi, iondoke ikiwa nzima, imesimama wima, vifuniko vimekazwa, na tindikali yake ikiwa bado ndani.